KITANDA USICHOKILALIA HUJUI KUNGUNI WAKE
Somo kwa wafanyakazi: fundi wa kompyuta na mtu anayetumia kazi yake

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hudhani haliwahusu. Linahusu tovuti, yaani zile kurasa za intaneti ambazo mtu huzifungua kwa simu au kwa kompyuta. Na hasa linahusu siku ile ambapo tovuti iliyokwisha zoeleka inabomolewa na kuundwa upya. Mtu wa kiwandani atauliza: hayo si mambo ya vijana wa ofisini huko Maputo? Mtu wa shambani atauliza: mimi na panga langu, tovuti ya nini? Tunawaomba ndugu hao wavumilie kidogo. Tutaona pamoja kwamba jambo hili limekwisha ingia mifukoni mwao.

1. JAMBO LENYEWE NI MSHAHARA WETU

Kila mwezi mfanyakazi aliyeandikishwa katika hifadhi ya jamii, ile tunayoiita INSS, hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake. Mwajiri naye hutakiwa kuongeza asilimia 4. Jumla ni asilimia 7, nazo hupelekwa kwenye mfuko ili mfanyakazi akiugua, akizeeka au akifariki, yeye au watoto wake wasibaki mikono mitupu. Sisi katika chama tunalijua vizuri swali linalofuata: fedha zimekatwa, lakini je, zimefika?

Zamani kulijibu swali hilo kulitaka safari na kusubiri kwenye benchi. Siku hizi hesabu za namna hii huwekwa kwenye kompyuta, na pole pole mfanyakazi anapewa njia ya kuzitazama mwenyewe. Hiyo ni hatua ya mbele. Lakini hatua hiyo inasimama juu ya jambo moja dogo: mfanyakazi aweze kweli kuufungua ukurasa, aweze kuusoma, na aelewe anachokisoma.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna shamba la minazi, nalo lina ukurasa ambapo mfanyakazi huandika namba yake na kuona siku alizofanya kazi, fedha alizokatwa na fedha atakazolipwa. Ukurasa ni wa zamani na hauna sura nzuri, lakini mama mmoja mpasua nazi anauelewa: anaandika namba, anabonyeza, anasoma. Kila mwisho wa mwezi hufanya hivyo, kisha hulinganisha na alama alizoziweka kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba yake.

Basi kampuni inaajiri mafundi, nao wanaunda ukurasa mpya. Una picha kubwa na rangi nzuri. Unataka neno la siri lenye herufi nyingi. Unatuma namba ya kuthibitisha kwa barua pepe. Yule mama simu yake ni ndogo, tena kuna siku humwazima mwanawe. Barua pepe hana. Mtandao huupata akipanda kilimani. Kila ukurasa unaofunguka hula mega, na mega ni fedha. Anajaribu mara ya kwanza, anajaribu mara ya pili, mara ya tatu anaacha.

Miezi sita baadaye makato yake hayafiki kunakotakiwa. Hakuna anayejua, kwa sababu aliyekuwa akiangalia ameacha kuangalia. Ukiwauliza mafundi, watasema mtambo unafanya kazi vizuri, haujaanguka hata siku moja. Nao wanasema kweli. Hasara haikutokea ndani ya mtambo. Itaonekana siku yule mama atakapokwenda kudai pensheni yake.

Hilo ndilo jambo la kujifunza leo.

2. KARATASI NAYO NI CHOMBO CHA KAZI

Wazee wetu wengi wa pwani hii na wa uwanda wa Mueda walivuka mto Ruvuma kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Huko walipewa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Mtu akimaliza kipimo cha siku, chumba kimoja kilitiwa alama. Vyumba vyote 30 vikijaa, ndipo mshahara ulipolipwa.

Hebu tukitazame kipande kama fundi anavyoitazama mashine. Kwa karani wa shamba kilikuwa chombo kizuri sana: hesabu rahisi, kadi moja kwa mtu mmoja, hakuna ubishi. Kwa mwenye kukibeba mambo yalikuwa mengine. Aliyefanya kazi nusu siku akashikwa na homa hakuwa na chumba cha kuandikiwa nusu yake. Kadi haikuwa na nafasi ya jambo hilo, na jambo lisilo na nafasi kwenye kadi lilikuwa kama halikutokea.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba fomu, kadi au ukurasa wa kompyuta ni chombo cha kazi kama nyundo au cherehani. Kina aliyekitengeneza, na kimetengenezwa kumfaa mtu fulani. Anayechagua vyumba vya kadi ndiye anayechagua kitakachohesabiwa. Kwa hiyo mfanyakazi anayo haki ya kuuliza juu ya ukurasa kama anavyouliza juu ya mashine mpya inayoletwa kiwandani.

3. FUNDI ANA SABABU ZAKE

Lakini tusiwe watu wa kulaumu upesi. Fundi wa kompyuta naye ni mfanyakazi. Naye ana bwana wake, ana tarehe ya kumaliza kazi, na ana mambo anayoyajua ambayo sisi hatuyaoni. Tuyataje kwa haki.

Kwanza, usalama. Katika mfano wetu, ule ukurasa wa zamani ulifunguka kwa namba tu. Yeyote aliyejua namba ya yule mama aliweza kuona mshahara wake. Fundi alipoweka neno la siri hakufanya ubaya. Alitaka kuziba tundu.

Pili, kutengenezeka. Kila mmoja wetu ameona mashine iliyofungwa waya hapa, ikatiwa kiraka pale, hadi siku moja hakuna anayethubutu kuigusa. Programu za kompyuta ni vivyo hivyo. Ikifika hali hiyo, fundi huomba ijengwe upya, na mara nyingi ana haki.

Tatu, umoja wa hesabu. Ikiwa Pemba wana orodha yao, Mocímboa da Praia yao na Palma yao, hesabu za jimbo hazitakubaliana kamwe. Fundi hutaka orodha moja, mahali pamoja.

Nne, kubeba uzito. Ukurasa unaofunguliwa na watu mia si sawa na ukurasa unaofunguliwa na watu laki moja siku ya mshahara. Daraja la watembea kwa miguu haliwezi kupitisha lori.

Mambo haya manne ni ya kweli. Anayeyapuuza atapata ukurasa rahisi unaoibiwa, au ukurasa mzuri unaoanguka siku unapohitajika.

4. MTUMIAJI NAYE ANA SABABU ZAKE

Sababu za mtumiaji nazo ni za kweli, ila mara nyingi hazina mtu wa kuzisemea kwenye mkutano. Mtumiaji anataka afike haraka kwenye jambo alilolifuata. Anataka maneno ya lugha anayoielewa. Pwani yetu watu huzungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, na si kila mtu anasoma Kireno cha ofisini. Anataka akikosea aambiwe amekosea wapi, na aweze kurudi nyuma. Anataka chombo kifanye kazi katika hali yake yeye, kwenye simu yake yeye, mahali anapoishi yeye.

Tena kuna jambo ambalo mafundi husahau: mazoea ni mali. Mtu aliyekwisha jua njia ya zamani ameilipia kwa muda wake. Ukiibadilisha njia unamdai ailipie tena. Pengine inastahili, pengine haistahili, lakini ile gharama ipo, na haionekani kwenye hesabu za mradi kwa sababu anayeilipa si kampuni.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi amekiunda kitanda, anajua mbao zake na misumari yake. Kunguni wanajulikana na anayelala.

5. HABARI YA WAFANYAKAZI WA CHUMA WA NORWEI

Je, wapo wafanyakazi waliowahi kulikabili jambo hili kwa utaratibu? Wapo. Habari yao inaanzia mbali, huko Norwei, lakini mtaona jinsi inavyofika mpaka pwani yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompyuta zilikuwa zinaingia katika viwanda vya Norwei kupanga kazi na kuhesabu muda. Chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha nchi hiyo kiliona hatari: wakurugenzi walikuwa na wataalamu, wafanyakazi hawakuwa na mtu. Chama kikamwendea Kristen Nygaard, aliyekuwa katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei mjini Oslo. Huyu hakuwa mtu mdogo katika fani. Katika miaka ya 1960 yeye na mwenzake Ole-Johan Dahl waliunda Simula, lugha ya kuandikia programu ambayo lugha nyingi za leo zimetokana na mawazo yake. Mwaka 2001 wawili hao walitunukiwa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kupita zote katika fani hiyo.

Wataalamu walianza kwa njia ya kawaida: kuchunguza na kuandika ripoti. Baadaye wakatambua kosa. Ripoti nzuri ikiwekwa kabatini, kiwandani hakibadiliki kitu. Wakageuza mpango. Wakasema tokeo la kazi hii lisiwe kitabu cha wataalamu, bali liwe hatua ambazo wafanyakazi wenyewe watazichukua kiwandani baada ya kusoma na kujadiliana. Basi vikundi vya wafanyakazi vikasoma mitambo ya viwandani mwao, vikauliza maswali, vikaandika madai yao.

Matunda yalionekana. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri vilitia sahihi mapatano ya nchi nzima juu ya mitambo ya kompyuta kazini. Wafanyakazi walipata haki ya kuarifiwa mapema kabla mtambo haujaingizwa, kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu, na haki ya kuchagua mwakilishi wao wa kushughulikia mambo hayo. Mwaka 1977 sheria ya mazingira ya kazi ikalitia nguvu jambo hilo.

Tazameni vizuri, ndugu. Hawakusema kompyuta ziondoke. Hawakusema mafundi wafukuzwe. Walidai kiti mezani, na walidai kukaa kwenye kiti hicho kabla chakula hakijapikwa.

6. KOMPYUTA YA MAKARATASI

Kukaa mezani hakutoshi kama huelewi kinachosemwa. Fundi akitandaza michoro yake, wengi wetu tutatikisa kichwa na kusema ndiyo, kisha tutalia baadaye. Wafanyakazi wa mitambo ya kuchapa magazeti walipata dawa ya jambo hilo.

Kati ya mwaka 1981 na 1985, chama cha wafanyakazi wa uchapaji cha nchi za Kaskazini mwa Ulaya kilifanya kazi na wataalamu wa Uswidi na Denmaki katika mradi ulioitwa UTOPIA. Kompyuta zilikuwa zinaingia kuchukua kazi ya kupanga kurasa za gazeti. Wafanyakazi walitaka mtambo utakaosaidia ustadi wao, si wa kuufuta. Lakini mtambo wenyewe ulikuwa haujaundwa, wangeujaribuje?

Waliuigiza. Walichukua mbao, karatasi na maboksi. Boksi tupu likaandikwa kuwa ni mashine ya kuchapia. Karatasi zilizobandikwa zikawa kioo cha kompyuta, na kila hatua zikabadilishwa kwa mkono. Mpangaji wa kurasa akakaa mbele ya maboksi hayo akafanya kazi yake ya kila siku, na palepale akaweza kusema: hapa siwezi kuona ukurasa mzima, hapa mnanilazimisha kurudi nyuma mara mbili. Fundi akaandika. Kubadilisha boksi ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha mtambo uliokwisha nunuliwa ni kazi ya miezi na fedha nyingi.

Njia hii haihitaji shahada wala umeme. Kamati yoyote ya kiwanda inaweza kuifanya chini ya mwembe.

7. KUTOKA OSLO MPAKA ZAHANATI ZETU

Mawazo haya hayakubaki Ulaya. Katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambako Nygaard alifundisha, walikuwapo wataalamu walioyachukua na kuja nayo Afrika. Katika miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika ya Kusini, idara za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi na kwa bantustani zilitakiwa kuwa moja. Wataalamu wa Oslo, akiwamo Jørn Braa, pamoja na vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape, walianza kuunda programu ya takwimu za afya kwa kukaa na wauguzi na makarani wa wilaya. Programu hiyo inajulikana kwa herufi DHIS. Ndani yake huingizwa hesabu za kila mwezi: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia zahanati, wagonjwa wangapi wa malaria.

Programu ilipoletwa Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyofanywa na Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, kikwazo kikubwa kilikuwa dhahiri: ilizungumza Kiingereza. Ikabidi ihamishiwe kwenye Kireno. Kwa fundi, lugha ni jambo la mwisho, rangi ya kupaka baada ya nyumba kwisha. Kwa karani wa wilaya lilikuwa jambo la kwanza, ndio mlango wenyewe.

Zanzibar walifanya jambo jingine tunalolisifu. Kuanzia mwaka 2005 walipoianza programu hiyo, waliweka warsha za kila miezi mitatu. Wilaya, ambazo wakati huo zilikuwa 10, zilileta takwimu zao na kuzieleza mbele ya wenzao. Wenzao waliuliza: hesabu hii imetokana na nini? Mbona chanjo zimezidi watoto? Katika kuulizana huko yalionekana makosa ya watu, na yalionekana pia makosa ya fomu zenyewe. Fomu zikarekebishwa, na takwimu zikawa bora. Hakuja mkaguzi kuwatisha. Waliokuwa wakizijaza fomu ndio waliozikosoa.

Wakati huohuo mafundi walikuwa wanaijenga programu upya kabisa. Ya kwanza iliwekwa ndani ya kompyuta moja ya ofisi. Mpya, DHIS2, ilijengwa ikae kwenye intaneti: kompyuta kuu moja kwa nchi nzima, na kila wilaya ifungue ukurasa. Zilikuwa zile sababu za fundi tulizozitaja: orodha moja, kutengenezeka kwa urahisi, hakuna kusafiri na diski kutoka wilaya hadi wilaya.

Mwaka 2011 Kenya iliieneza DHIS2 katika nchi nzima kwa kompyuta kuu moja. Hapo likaja swali la mtumiaji: mtandao ukikatika katikati ya fomu, karani afanye nini? Aanze upya? Mafundi wangeweza kujibu kwamba mtandao si kazi yao. Hawakujibu hivyo. Waliubadilisha ukurasa, ukaweza kuzishika takwimu ndani ya kompyuta ya karani mtandao unapopotea, na kuzipeleka unaporudi. Fundi hakuacha kompyuta kuu yake, na karani hakupoteza kazi yake ya asubuhi. Ndugu, hapo ndipo mizani iliposimama sawa.

Katika miaka ya 2010 Wizara ya Afya ya Msumbiji nayo iliichukua DHIS2 na kuunda juu yake mfumo wa taifa unaoitwa SIS-MA. Kwa hiyo hesabu ya mtoto aliyechanjwa Quionga au Ibo hupita katika programu ambayo mizizi yake, ukiichimba, inafika hadi kwa wale wafanyakazi wa chuma wa Norwei.

8. PWANI YETU NDIYO KIPIMO

Kwa nini tunasisitiza hali ya mahali? Kwa sababu sisi tumeona. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado. Tangu Oktoba 2017 vita vimezikimbiza familia nyingi kutoka makwao, zahanati zimechomwa, na Palma iliposhambuliwa Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatwa. Mtu aliyekimbia na watoto amepoteza karatasi zake, amepoteza laini yake ya simu, pengine amebadilisha namba.

Sasa fikirini tovuti ya mishahara au ya pensheni iliyoundwa Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa, inayosema: ukisahau neno la siri, tutakutumia ujumbe kwenye namba yako ya zamani. Kwa fundi aliyeiunda hilo ni jambo dogo, hutokea kwa mtu mmoja mmoja. Kwa wilaya iliyokimbia ni jambo la watu wote. Hakuwa na nia mbaya. Hakuwapo tu mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo tunasema: chombo kikifaa Palma, kitafaa Maputo. Kikifaa Maputo peke yake, bado hakijapimwa.

9. TUSIVUTE KAMBA UPANDE MMOJA

Hata hivyo tungedanganya tukifundisha kwamba mtumiaji apewe kila anachotaka. Programu ya DHIS2 ilipoenea, kila nchi ilitaka chake: huyu fomu hii, yule ramani ile. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Kama mafundi wangekubali kila ombi ndani ya programu yenyewe, ingekuwa ile mashine ya waya na viraka tuliyoitaja, isiyogusika. Njia waliyoichagua ni kuweka kiini kimoja kinacholindwa, kisha kuruhusu kila nchi ijenge vyumba vyake pembeni bila kuvunja nguzo za katikati.

Tuirudie sasa ile tovuti ya shamba la minazi. Mizani yake ingekuwaje? Ulinzi ubaki, lakini neno refu la siri libadilishwe kuwa namba fupi kama ile tunayotumia kutuma fedha kwa simu, na mtu akikosea mara kadhaa, njia ifungwe hadi karani amthibitishe. Picha kubwa ziondolewe, hazikumsaidia mtu. Pawepo njia ya kupiga nyota na reli kwa asiye na intaneti. Karatasi ibandikwe ofisini kwa mwezi mmoja inayoonyesha ya zamani na ya mpya, na ile ya zamani isifungwe mpaka watu wameizoea mpya. Anayepoteza laini aweze kuthibitishwa ana kwa ana, mbele ya karani na mjumbe wa chama. Fundi amepata usalama wake na mtambo wake mpya. Mama amepata hesabu yake. Kila mmoja ameachia kitu, na hakuna aliyeachia kile kilicho muhimu kwake.

10. KAMATI IFANYE NINI?

Tangu mabaraza ya uzalishaji ya mwaka 1976 tumezoea kujadili mashine, malighafi na saa za kazi. Tuongeze jambo hili. Kampuni ikitangaza tovuti mpya, mtambo mpya wa mahudhurio au njia mpya ya kulipa, kamati idai yafuatayo:

(a) Tuarifiwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi, kwa maneno ya kawaida.

(b) Fundi aeleze mambo gani hayawezi kuguswa na kwa nini, na mambo gani yanaweza kubadilika. Nasi tueleze vivyo hivyo.

(c) Mtambo ujaribiwe na wafanyakazi wenyewe, kwanza kwa karatasi, kisha kwa simu zao, mahali pao pa kazi. Wajaribu wasiwe makarani peke yao. Awepo mzee, awepo asiyesoma sana, awepo wa zamu ya usiku.

(d) Muda wa kujifunza uhesabiwe kuwa muda wa kazi na ulipwe.

(e) Kila miezi mitatu kiwepo kikao cha kusahihisha, kama walivyofanya Zanzibar, na makosa ya fomu yatengwe na makosa ya watu.

Tena tukumbuke adabu. Fundi anayekuja kwetu tumkaribishe, tumpeleke alikolala kunguni. Mwenye akili akishaona hahitaji kugombezwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja fomu, kadi au ukurasa mmoja unaoutumia kazini. Ulitengenezwa kumfaa nani? Ni jambo gani la kazi yako lisilo na nafasi humo?

2. Katika mfano wa shamba la minazi, kama ungekuwa fundi, ni jambo gani usingekubali kuliachia? Kama ungekuwa yule mama, je?

3. Kwa nini wafanyakazi wa Norwei walidai kuarifiwa mapema, badala ya kungoja mtambo ufike na kisha kulalamika?

4. Kikundi kichukue karatasi na kalamu kichore ukurasa wa kuangalia makato ya INSS kwa simu ndogo. Mmoja awe simu, abadilishe karatasi. Mwingine awe mtumiaji. Hesabuni ni mara ngapi mtumiaji anakwama, na wapi.

Ndugu wafanyakazi, somo hili lisiishie kwenye gazeti. Michoro ya swali la nne isitupwe. Ileteni kwa kamati, kwa maana siku fundi atakapokuja, hiyo ndiyo itakayoongea kwa niaba yetu.